Hodi kwenye Mlango wa Basi

Nyumba yangu ina usukani. Watu wakiniuliza naishi wapi, huwa nawajibu hivyo hivyo, kisha nanyamaza nione wanavyohangaika. Wengine hudhani natania. Wengine hunionea huruma, na hao ndio wanaonikera, maana sijamwomba mtu huruma wala chumvi. Naishi ndani ya basi. Naamka, nafagia, natandika kitanda, nachemsha chai, nafungua pazia, na dirishani naona Urambo, au Sikonge, au Ulyankulu, kutegemea jana niliegesha wapi.

Ni basi dogo, la rangi ya maziwa na mstari wa kijani ubavuni. Marehemu mume wangu alikuwa akilipeleka Urambo na kulirudisha Tabora, yeye ndiye dereva na yeye ndiye mwenye mali. Alipofariki, ukoo wake ulikaa kikao kuamua liuzwe kwa nani. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kanga imenifunika hadi machoni. Niliposikia wanatajiana wanunuzi, nikaifunua ile kanga.

"Basi haliuzwi," nikasema.

"Ataliendesha nani?"

"Mimi."

Lo! Walicheka, na msiba ulikuwa bado mbichi. Mmoja akaniuliza ni mwanamke gani wa Tabora niliyewahi kumwona akiendesha basi. Nikamwambia avute subira tu, atamwona.

Aliyenifundisha ni dereva mstaafu, rafiki wa marehemu, kwenye uwanja wa mnada siku zisizo na mnada. Nilizima injini hadi nikaona aibu mbele ya mbuzi. Nilikwangua ukuta wa choo cha soko. Lakini leseni niliipata, halali, ya kufanyiwa mtihani, na kwenye picha yake sijatabasamu hata kidogo. Nyumba tuliyokuwa tunaishi ilikuwa ya kupanga, na kodi ilipoisha sikuona sababu ya kulipa kuta zilizosimama mahali pamoja wakati mimi kazi yangu ni ya kutembea. Nikahamia kwenye basi na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado anasoma shule ya msingi.

Ndani niling'oa viti vyote, nikabakiza safu ya mbele tu. Hiyo ndiyo sebule yangu. Ni sebule pekee mkoa mzima ambayo viti vyake vina mikanda, na mgeni mkorofi namfunga. Nyuma ya sebule, penye dirisha pana, ipo cherehani, imefungwa sakafuni kwa bolti. Halafu jiko la gesi, makabati ya mninga, ndoo za maji zenye vifuniko. Nyuma kabisa, palipokuwa na ile safu ndefu ya viti vya mwisho, ndipo kilipo kitanda. Juu kwenye keria kuna tangi la maji, meza ya kukunja na turubai la kutandaza ubavuni nikifika ninapokwenda. Injini iko mbele, pembeni ya dereva, na kifuniko chake hupata joto zuri. Unga wa maandazi nikiukanda asubuhi Tabora na kuuweka pale juu, nikifika mnadani umeumuka wenyewe. Binti yangu alifanyia hesabu zake zote juu ya kifuniko hicho, miguu inaning'inia, na alifaulu.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati wa masoko ya tumbaku nakuwa Urambo na Ulyankulu, maana mkulima aliyeuza tumbaku hana sababu ya kumvalisha mkewe kitenge cha mwaka jana. Kule wapo Wakatoliki wenye asili ya Burundi, na watu wale hawafanyi mchezo na nguo ya komunyo ya kwanza. Mama mmoja alinirudisha mara kwa mara kwa ajili ya pindo la gauni jeupe mpaka tukawa marafiki. Upande wa Goweko na Sikonge wananingoja wanakwaya wa Kimoravian na vitambaa vyao vya sare. Katikati ya hapo ni mashati ya shule, zipu zilizokufa na suruali za wazee zinazotakiwa kupunguzwa kiuno huku mwenyewe akikataa kwamba amekonda. Njia ninazopita ndizo walizopita babu zetu na mizigo kichwani wakienda pwani na kurudi. Wao walikuwa wakibeba pembe na nguo za watu. Mimi nabeba vyangu.

Usidhani ni raha tupu. Aisifuye mvua imemnyea. Nyumba za wenzangu zikivuja, wanaweka sufuria chini. Yangu huvuja oili. Nimekatikiwa na senta bolti ya springi porini, nikakaa kwenye kigoda namngoja fundi huku nikishona vifungo. Masika moja nilizama kwenye tope jeusi la mbuga ng'ambo ya Ulyankulu, magurudumu yote mpaka kwenye ekseli, na barabara haikupitika siku kadhaa. Basi nifanyeje, nilie? Nilitandaza turubai, nikaweka cherehani kazini. Watu wa kijiji cha jirani wakaja kuniangalia, wakaona napiga cherehani katikati ya matope, wakarudi makwao kuleta nguo zilizochanika. Jua lilipokausha njia niliondoka pale na kuku, matobolwa gunia zima, yale ya viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, na jina jipya la Mama Basi. Ninalo mpaka leo na nalipenda.

Sasa nimlete shemeji yangu. Ni mdogo wake marehemu, binti yangu anamwita baba mdogo. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana nyumba ya matofali mjini Tabora, yenye geti la chuma na sebule ya makochi, na tangu kaka yake afariki hajapitisha sikukuu bila kutuletea sukari. Lakini ana tabia moja iliyokuwa inanichoma. Akija nilipoegesha, hapigi hodi. Anagonga bodi ya basi kwa kiganja, pa! pa!, kama konda anayetaka kuteremsha abiria, kisha anapaza sauti, "Shusha!" Na anacheka peke yake. Miaka yote hiyo. Nimewahi kumwambia, "Shemeji, hapa ni kwangu, piga hodi." Akanijibu, "Hodi hupigwa kwenye nyumba, shemeji. Hili ni gari."

Nikameza. Kumeza kuna mwisho wake.

Binti yangu alikua, akasoma ualimu, akapangiwa kazi upande wa Dodoma, na huko akampata mwalimu mwenzake, Mgogo. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Wagogo ni watani zetu sisi Wanyamwezi, tena utani wa tangu enzi za misafara. Babu zetu wakipita Ugogo na mizigo, wenyeji waliwatoza hongo ndipo wachote maji, na mpaka leo Mgogo akikutana na Mnyamwezi lazima watukanane kwa heshima. Wao wanatuita wapagazi. Sisi tunawaambia wanatoza watu maji ya Mungu. Nikamwambia binti yangu, "Watani! Haya, tutawatoza sisi safari hii."

Posa ikaja, ikakubaliwa, siku ikapangwa washenga walete mahari. Hapo ndipo neno likazuka. Shemeji akaja, pa! pa!, "Shusha!", akakaa sebuleni kwangu na kikombe cha chai, akasema kila kitu kiko tayari, wageni watapokelewa nyumbani kwake.

"Kwako?" nikauliza. "Anayeolewa ni binti yako?"

"Ni wa kaka yangu, kwa hiyo ni wangu."

"Ni wako, sikatai. Lakini mshenga hupiga hodi kwa mama wa binti. Mkaja wa mama hupokewa ndani kwa mama. Huyu mtoto amelelewa humu. Atatoka kwenye mlango huu."

Akaugeukia mlango wa basi, ule wa kukunja, akautazama juu mpaka chini. Kisha akasema jambo ambalo, nakiri, lilikuwa na uzito. "Shemeji, wakwe waingie humu, wakae hapo mbele, na kitanda chako kile pale wanakiona? Kitanda cha mama mkwe! Tangu lini?"

Alikuwa na haki kwa hilo. Kwetu mkwe haoni kitanda cha mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, na ndani ya basi macho hayana ukuta wa kuyazuia. Lakini anamwambia nani? Fundi cherehani! Nikachukua kitambaa kizito cha rangi ya zambarau, nikakipa bitana, nikashona pazia la kutoka darini mpaka sakafuni, ubavu hadi ubavu, lenye mikunjo mizito isiyopepea hata madirisha yakiwa wazi. Nikamwita shemeji aje aone. Akalivuta, akalisukuma, akachungulia pembeni akitafuta upenyo, hakuupata.

Basi tukapatana. Basi langu liwe mjini, uani kwake, kabla ya Jumamosi. Likiwepo, wageni watapiga hodi kwangu, na makochi yake yatakuwa ya kulia chakula tu. Lisipokuwepo, watapokelewa sebuleni kwake na neno hilo lisirudiwe tena. Tukapeana mikono. Binti yangu alikuwepo, amechukua likizo, akasikia kila kitu.

Tulikuwa na kazi moja iliyobaki, sare za kwaya Goweko. Tukaenda, tukashona, wanakwaya wakajipima, wakafurahi, wakatuimbia wimbo mzima barabarani. Asubuhi ya kuondoka nikawasha gari. Halijafika mbali, mshale wa joto ukapanda. Nikasimama mara moja, lakini mvuke ulikuwa umeshajaa sebuleni, na unga wa maandazi juu ya kifuniko ulikuwa unaanza kuiva.

Wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, ilikuwa imekufa kwa uzee, na ilipokufa iliondoka na gasketi. Fundi wa Goweko akafungua injini, akapitisha rula juu ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akatikisa kichwa. Imepinda. Lazima iende Tabora ikanyooshwe kwenye mashine. Wanakwaya wakatusukuma hadi kwenye uwanja wa kanisa lao, mkabala na stesheni ya reli, tukaweka mawe kwenye magurudumu. Hedi ikafungwa kwenye mfuko wa sandarusi, ikapakiwa kwenye bodaboda, ikaenda zake mjini. Nilisimama nikaitazama inavyoondoka, na nilijisikia vibaya kweli.

Jumatano karakana ya mjini ikasema umeme umekatika. Alhamisi ikasema umerudi lakini kuna foleni. Nikatafuta lori la kutuvuta. La kwanza lilikuwa limejaa marobota ya tumbaku hadi juu. La pili, dereva alilizunguka basi, akaangalia barabara, akasema hawezi kuvuta nyumba ya mtu milima yote ile, ikimshinda atanilipa nini? Sikumlaumu. Ijumaa mchana hedi ilikuwa bado mjini, sisi tupo Goweko, na washenga walikuwa wameshapanda treni Dodoma.

Simu ikalia. Shemeji.

"Shemeji, mapatano ni mapatano."

"Najua."

"Treni ya wageni itapita hapo Goweko kesho asubuhi. Ingieni humo humo wewe na binti, tuonane stesheni Tabora. Hilo gari mliache."

Nilitaka kumjibu jibu la kumkaanga. Nikamwangalia binti yangu. Alikuwa anapiga pasi vitambaa vya meza tulivyotarizi kwa ajili ya sebule yetu, sebule ya viti vyenye mikanda, na alikuwa amesimamisha pasi ananisikiliza. Mahari ni yake, ndoa ni yake. Ningegoma, aibu ingemwangukia yeye, bibi harusi ambaye washenga wamefika na hayupo.

"Tutapanda," nikasema, nikakata simu.

Binti yangu akaniambia, "Mama, ni sawa. Ni siku moja tu."

"Si sawa," nikamwambia, "lakini tutapanda."

Nililia kidogo. Nililia nyuma ya lile pazia langu la zambarau, ambako hakuna mkwe anayeona. Si kwa ajili ya hodi peke yake. Niliona kwamba kila kilomita niliyoendesha, kila pindo nililoshona na kila gauni lililomsomesha mtoto, mwisho wa yote ataingia kwenye ndoa yake akitokea kwenye nyumba ambayo hajawahi kulala, na watu wataandika kichwani mwao kwamba mama yake hana kwao.

Asubuhi tulioga, tukavaa. Yeye alivaa gauni la kitenge cha njano nililomshonea, na haki ya Mungu, kama kuna fundi mwingine anayeweza kukalisha bega namna ile, anionyeshe. Nikafunga madirisha. Nikafuta vumbi kwenye viti ingawa hakuna aliyekuwa anakuja. Nikafunga mlango kwa kufuli, tukavuka reli, tukasimama stesheni pamoja na wauza asali na karanga.

Treni ilichelewa, kama ilivyozoea. Ilipofika ilisimama kwa kishindo, wauzaji wakayavamia madirisha. Mimi nikaanza kumsukuma binti yangu kuelekea mlango wa behewa. Mara nikasikia juu yangu:

"Weee! Jamani! Huyo si ndiye mke wetu?"

Dirishani alikuwa mama mnene, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, mkononi ana muhindi wa kuchoma. Binti yangu akashtuka, akapiga goti pale pale kwenye vumbi. "Shikamoo shangazi." Akaninong'oneza kwamba huyu ndiye shangazi wa mchumba wake, ndiye kiongozi wa washenga.

"Marahaba mwanangu. Mama ndiye huyu? Mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda Tabora," nikasema, "kuwapokea."

"Kutupokea?" Akauondoa muhindi mdomoni. "Mnatupokea mkiwa abiria? Mbona hii mpya! Yaani tufike pamoja, tushuke pamoja, kisha nani amwambie mwenzake karibu?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa sina kicheko. Nikamweleza kwa kifupi, kwa sauti ya juu maana injini ilikuwa inanguruma: nyumba yetu imeharibika, tutapokelewa kwa baba mdogo wa binti, watakaa vizuri, kuna makochi.

"Nyumba huharibikaje?"

Nikanyoosha kidole. Ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa kanisa, lilikuwepo basi langu, safi, mapazia yamefungwa, mawe magurudumuni. Shangazi akatoa kichwa chote nje, akalitazama. Nikajiandaa. Nilijua mtani amepewa nyama, ataitafuna mpaka nifike Tabora.

"Ile pale ndiyo nyumba yako?"

"Ndiyo."

"Huyu mtoto amekulia mle?"

"Mle mle," nikasema, na sijui sauti ilitoka wapi, maana nilimwambia yote. "Nimemlea mle, nimemsomesha mle, nimeendesha mwenyewe na kutengeneza mwenyewe. Nakwenda kwa shemeji yangu kwa sababu injini imekufa, si kwa sababu sina kwangu."

Shangazi akageuka ndani ya behewa akapiga kelele kwa Kigogo, sikuelewa neno. Nikaona mkoba wa ukindu unashushwa dirishani. Ukafuata mfuko, jembe jipya lenye utepe, beseni. Wazee wawili wakashuka mlangoni wakikimbia, mmoja ameshika viatu mkononi. Shangazi akashuka wa mwisho huku mlinzi wa treni akipiga filimbi, na treni ikaondoka kwenda Tabora bila mshenga hata mmoja.

"Sikilizeni," akasema, akijipangusa vumbi. "Mimi nimetumwa kupiga hodi kwa mama wa binti. Sikutumwa kwenye makochi. Na nyie wapagazi kweli mmeshindikana! Babu zenu walibeba mizigo ya watu tukawasema. Sasa mmefika kubeba nyumba nzima?"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," nikamjibu, na hapo ndipo nikacheka, machozi yananitoka.

"Basi tangulia ukafungue. Wewe ndiye mwenyeji."

Nilikimbia. Mwanamke mzima, mama mkwe mtarajiwa, nilivuka reli ile mbio, nimekusanya gauni mkononi. Nikafungua kufuli, madirisha, nikavuta pazia la zambarau mpaka mwisho wake, binti yangu aliyenifuata mbio akajificha nyuma yake, nikatandika vitambaa, nikaufunga mlango tena kutoka ndani, nikakaa.

"Hodi!" shangazi akaita.

"Nani?"

"Ni wageni kutoka Ugogo. Tumeona ua zuri katika nyumba hii, tumekuja kuliulizia."

"Hapa hapapitwi bure," nikasema kwa sauti nzito. "Babu zetu walilipa kwenu hongo kwa sababu ya kikombe cha maji. Leo nyie ndio mnapita. Lipeni hongo!"

Nje walipasuka kwa kicheko. Wanakwaya nao walikuwa wameshajaa uwanjani, wamezivaa zile sare mpya, wanapiga vigelegele. Shangazi akapitisha karanga za kukaanga kwenye upenyo wa mlango, nikazikataa. Akapitisha kanga, nikaipokea, nikafungua. Wakaingia mmoja mmoja, wakakaa kwenye sebule yangu. Mzee mmoja akafunga mkanda, akasema barabara za Unyamwezi hazitabiriki. Shangazi akalitazama lile pazia, akalishika kwa vidole viwili kama mtu anayejua nguo, akaliacha bila kulisogeza.

"Hili limeshonwa na mtu mwenye adabu," akasema.

Mkaja wangu nikakabidhiwa humo humo ndani, mikono miwili. Sijawahi kukaa kwenye kiti cha dereva nikajiona mkubwa kama siku ile.

Shemeji tulikuwa tumempigia simu. Alikuwa stesheni Tabora na wazee wenzake, amewaona abiria wote wameshuka na hakuna Mgogo hata mmoja. Kwanza alifoka. Kisha akauliza tu, "Wamekula?" Nikamwambia tunachemsha chai, na maandazi yapo. Akakata simu. Mchana tukaona gari la kukodi linaingia uwanjani, vumbi tupu, sufuria za pilau zimeshikwa miguuni na wazee wa ukoo wote wamebanana nyuma.

Nilimwona shemeji kupitia dirisha akishuka, akinyoosha suruali, akija kuelekea kwangu kwa mwendo wake ule ule. Akafika ubavuni mwa basi. Akainua kiganja.

Wanakwaya wakageuka kumtazama. Binti yangu alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, akisikiliza.

Mkono wake ukabaki hewani, karibu na bodi, kama anauliza kitu. Kisha akaushusha. Akainama, akavua viatu, akavipanga pembeni ya ngazi karibu na vya wakwe, akarudi nyuma hatua moja kama mgeni anavyotakiwa kusimama.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

Wageni wakanitazama, nami nikaendelea kumimina chai.

"Hodi hapa."

Shangazi akanikanyaga mguu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka marehemu awepo asikie. Hodi ya tatu ndiyo ya mwisho, isipoitikiwa mgeni huondoka, na shemeji yangu alilijua hilo vizuri kama mimi. Nikaweka birika chini.

"Hodi hapa nyumbani kwa shemeji."

"Karibu," nikamwambia, nikainuka kwenda kumfungulia mlango. "Karibu nyumbani."